Nambari ya Kisima

Bajeti za kaunti zetu 47 za Kenya huandaliwa ndani ya programu ambayo wananchi wengi hawajawahi kuisikia hata jina. Inaitwa Hyperion. Ni zao la Marekani. Kampuni ya Oracle iliinunua mwaka 2007 kwa takribani dola bilioni 3.3, na Hazina ya Kitaifa ikaiingiza katika IFMIS, mfumo wa fedha za serikali, ili mpango na bajeti vikae mahali pamoja. Mashirika makubwa duniani huitumia kwa upana zaidi: kupanga, kukadiria, kufunga vitabu vya hesabu, kisha kupima kama kilichoahidiwa ndicho kilichofanyika. Wanaoitumia kwa njia ya mtandao hupokea toleo jipya kila mwezi, na matoleo hayo yameleta mengi: ubashiri wa mapato, ulinganisho wa hali tofauti za fedha, onyo pale tarakimu inapokwenda kombo, hata msaada wa kuandika maelezo ya ripoti.

Nauliza kama haya yana maana yoyote Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike, kaunti ya Migori. Huko mawe hupandishwa kutoka shimoni, husagwa, na mchanga wake huoshwa kwa maji na zebaki, kwa hiyo kisima salama si anasa. Nimekusanya hoja ninazozisikia kuhusu jambo hili na kuzipa midomo minne. Wasemaji ni wa kubuni. Sheria, tarehe na tarakimu wanazozitaja si za kubuni. Mimi niko upande wa mmoja wao, Mama, na nitaingilia kati nikiona lazima.

MHASIBU wa hazina ya kaunti: Nianze na kalenda, maana bila kalenda tutabishana hewani. Kila tarehe 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa uwe mbele ya bunge la kaunti. Kufikia 28 Februari, waraka wa mkakati wa fedha. Kufikia 30 Aprili, makadirio. Tarehe 30 Juni usiku, mwaka umefungwa, na fungu ambalo halijatumika limekufa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ndivyo ilivyotupangia. Zamani kila idara ilikuwa na faili lake la Excel, na mtu mmoja alikesha kuyaunganisha. Barabara zikipunguziwa milioni 10 ukurasa wa 40, jumla ya ukurasa wa mbele haikujua. Leo ukigusa fungu moja, jumla zote zinasogea. Asiyewahi kukesha na yale mafaili asiniambie programu ni pambo.

KIJANA wa programu: Na hilo ni la zamani tayari, Bwana Mhasibu. La sasa ni kuweka bajeti tatu ubavu kwa ubavu: fedha za Nairobi zikija zote, zikipungua, zikichelewa. Angalia mwaka 2024. Kaunti zilikuwa zimepanga kwa mgao wa shilingi bilioni 400. Mswada wa Fedha ukaondolewa Juni baada ya maandamano, mgao ukavutwa huku na huku, na mwisho ukatua kwenye bilioni 387. Kaunti iliyokuwa na bajeti moja tu ilibidi ikate ikiwa imefumba macho. Yenye hali tatu tayari ingejua jana yake ni mradi gani unaahirishwa na ni upi hauguswi.

MWALIMU mstaafu: Ingejua nani? Hapo ndipo ninapokwama, kijana wangu. Mtu mmoja ofisini angejua. Mimi nimeketi kwenye mikutano ya ushirikishwaji wa umma tangu ugatuzi uanze. Tunaletewa kitabu kinene asubuhi ile ile, tunapewa soda, tunaambiwa tutoe maoni. Hizo hali tatu sijawahi kuziona. Kama zipo, zibandikwe ukutani kwa chifu, watu wachague kipi kikatwe kwanza.

KIJANA: Zinaweza kubandikwa, Mwalimu. Kuzitoa kwenye mashine ni kazi ya dakika chache.

MWALIMU: Basi tatizo si mashine.

MHASIBU: Wala si siri. Ukibandika kwamba barabara ya watu fulani iko kwenye orodha ya kuahirishwa, kesho wananifuata nyumbani. Mwanasiasa wao atakuwa mbele yao. Mnataka uwazi, lakini anayelala na lawama ni mimi.

Nimemwachia Mhasibu aseme hilo kwa sababu ni kweli, na mara nyingi halisemwi. Maafisa wa fedha wa kaunti hubebeshwa uamuzi ambao hawakuufanya. Mgao ukichelewa Nairobi, mwanakandarasi hubisha mlango wa mhasibu. Diwani akihamisha fungu kwa bajeti ya nyongeza, saini inayoonekana ni ya mhasibu. Nadhani hofu yake ndiyo sababu nzuri zaidi ya kufungua kitabu: penye kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini, lawama hujua njia ya kwenda. Programu yenyewe ina kumbukumbu hiyo. Kinachokosekana ni dirisha la kuitazamia.

KIJANA: Niruhusuni nirudi kwenye lile ninaloliona kubwa kuliko yote katika matoleo ya karibuni. Mashine sasa inasoma miaka yako iliyopita na kukuambia tabia yako ya kukadiria. Si kwamba mwaka huu umekosea. Kwamba wewe hukosea upande ule ule kila mwaka. Idara ikitabiri mapato makubwa miaka mitano mfululizo na kukusanya nusu, mashine inaweka alama nyekundu kabla hujabonyeza kutuma.

MWALIMU: Hilo nalitaka hata leo. Dkt. Margaret Nyakang'o, Msimamizi wa Bajeti tangu mwisho wa 2019, ripoti zake zinalirudia jambo hilo: kaunti zinaandika shabaha za mapato ya ndani zisizofikika. Shabaha ikiandikwa kubwa, miradi mingi inaingia kwenye bajeti. Mapato yasipopatikana, miradi haitoweki; inageuka deni. Kufikia Juni 2024 kaunti zote kwa pamoja zilidaiwa takribani bilioni 182. Wanaodai ni watu. Ni mwanamke aliyepeleka chakula hospitalini, ni kijana aliyekopa benki akanunua saruji. Kila tarakimu ya uongo ya mwezi wa Aprili inamkuta mtu wa namna hiyo.

MHASIBU: Ukweli, Mwalimu. Lakini vuka mpaka hapo uende Homa Bay. Miaka mingi kaunti ile ilikusanya mamia machache ya mamilioni, au chini ya hapo. Ikabadilisha namna ya kukusanya, ikaacha risiti za karatasi, na mwaka wa fedha 2023/24 ikavuka shilingi bilioni moja, fedha za hospitali zikiwemo. Sasa mwite huyo kijana na mashine yake mwaka 2022. Mashine inasoma jana. Ingemwambia waziri wa fedha wa Homa Bay kwamba anaota.

KIJANA: Ingeweka alama nyekundu, ndiyo. Waziri angeandika mbele yake: tunabadilisha njia ya ukusanyaji, sababu ni hizi. Alama haikatazi. Inadai maelezo.

MHASIBU: Na asiyebadilisha chochote naye ataandika maelezo. Maneno hayatozwi ushuru.

KIJANA: Ataandika, na mwaka unaofuata maelezo yake yatakuwa pale pale, kando ya alichokusanya.

Hapa Mhasibu na Kijana wote wana haki, na sitaki kuwapatanisha kwa haraka. Ubashiri unaotegemea yaliyopita humwadhibu mwenye mageuzi na humstarehesha mwenye mazoea. Hilo ni kosa la mbinu yenyewe, na toleo jipya halitaliondoa. Lakini kati ya shabaha iliyoandikwa bila neno na shabaha iliyoandikwa pamoja na sababu, mimi nachagua ya pili, mradi hizo sababu zisomwe na watu walio nje ya ofisi. Bunge la kaunti lipewe maelezo hayo pamoja na makadirio. Vinginevyo alama nyekundu itakuwa rangi tu kwenye kioo cha kompyuta.

MAMA, mwenye kinu cha kusaga mawe Osiri: Nimewasikiliza. Mmetaja bilioni nyingi. Mimi nina swali la kisima. Tuseme tulikaa kwenye mkutano wa wadi, tukaomba kisima cha mashine chenye tanki na pampu ya jua. Kikaandikwa kwenye mpango wa miaka mitano, huu wa 2023 hadi 2027. Mwaka uliofuata tukauliza, tukaambiwa kipo. Tukauliza tena, tukaambiwa fedha zilitoka. Wapi maji? Niambieni nitafute wapi, kwenye hiyo programu yenu, nikione kisima changu.

MHASIBU: Mama, kitafute kwenye fungu la maji.

MAMA: Kwa jina gani?

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Kwenye mpango wa miaka mitano huenda kimeandikwa kisima cha Osiri. Kwenye mpango wa mwaka, kikawa kimoja kati ya visima kumi vya Nyatike. Kwenye bajeti, kikamezwa na mstari unaosema ujenzi wa miundombinu ya maji. Kwenye zabuni kikaungwa na vingine viwili vya wadi jirani vikawa kandarasi moja yenye jina jipya. Kwenye malipo kikawa hati ya awamu ya kwanza ya kandarasi hiyo. Hakuna aliyedanganya katika hatua yoyote, na bado mwishoni hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba shilingi hii ni ya kisima kile. Kisima kinaweza kupotea bila mwizi. Na penye mwizi, njia hii imemfagilia.

Kazi halisi ya programu za aina ya Hyperion, tangu zilipobuniwa, ni kuzuia upotevu huo: kushika uzi kutoka shabaha hadi matokeo, tarakimu ya juu ifunguke hadi ule mstari mdogo ulioizaa. Haya mengine ya kubashiri na kupamba ripoti yalikuja baadaye. Kinachonisikitisha ni kwamba tunashangilia ubashiri wakati uzi wenyewe hatujaufunga.

KIJANA: Mama, ninachoweza kukuambia ni kwamba nafasi ya kisima chako imo. Muundo wa hesabu za serikali una sehemu maalumu ya mahali. Kila malipo yanaweza kubeba alama ya yalikokwenda, pamoja na alama ya programu na ya chanzo cha fedha. Karani akijaza sehemu ile kwa uaminifu, Osiri itaonekana. Akijaza makao makuu ya kaunti ili amalize haraka, Osiri imefutika.

MAMA: Kwa hiyo miaka yote hii kijiji changu kilikuwa na chumba na hakuna aliyekilaza humo.

MHASIBU: Msimlaumu karani. Kandarasi moja ina visima vitatu, mahali patatu. Aandike papi? Akigawa malipo mara tatu, inambidi apate vipimo vya mhandisi vya kila kisima, na mhandisi ametoa hati moja. Mfumo unaganda mwezi wa Juni wakati kaunti zote zinakimbizana na tarehe 30. Katika hali hiyo mtu anajaza kinachokubaliwa.

MWALIMU: Basi kosa linaanzia kwa mhandisi, au kwa aliyeunganisha visima vitatu. Na sheria iko wazi zaidi kuliko tunavyokubali. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaitaka kamati kuu ya kaunti iwe na mpango wa kupima utendaji wa watumishi na utekelezaji wa sera. Utapimaje ikiwa kitu unachopima kinabadilisha jina mara nne?

MHASIBU: Tunasaini mikataba ya utendaji, Mwalimu. Serikali ya Kenya ilianza na mashirika 16 ya umma mwaka 2004.

MWALIMU: Na ndani ya mikataba hiyo mara nyingi mnapima nini? Asilimia ya bajeti iliyotumika. Ofisa aliyetumia asilimia 95 anapigiwa makofi. Kutumia siyo kufanya. Pampu iliyolipiwa na haitoi maji imeongeza alama za mtu.

Mwalimu amekaza, na namuunga mkono bila kupunguza neno. Kiwango cha matumizi ni kipimo rahisi kwa sababu mashine inakijua yenyewe. Maji kwenye ndoo mashine haiyajui mpaka mtu aende akaangalie. Kuna mfumo mwingine, e-CIMES, uliotengenezwa kwa ufuatiliaji wa miradi ya kaunti, wenye nafasi ya picha na mahali mradi ulipo. Ni jambo jema. Lakini ukikaa peke yake, picha ya kisima ikiwa upande huu na malipo ya kisima upande ule, na vikiwa havina nambari inayoviunganisha, tumerudi kwenye mafaili ya Excel aliyokesha nayo Mhasibu.

KIJANA: Ninachopendekeza basi ni kimoja. Siku mradi unapoingia kwenye mpango, upewe nambari. Nambari hiyo isibadilike kwenye bajeti, zabuni, mkataba, hati ya mhandisi, malipo, picha. Ukiungana na mingine, kila mmoja ubaki na yake ndani ya kandarasi. Hata Hazina inapozungumzia bajeti inayoanza sifuri, kila shilingi ijieleze upya, shilingi itajielezaje kama haina nambari ya kazi iliyotumwa?

MHASIBU: Mnasahau mfumo si wetu. Sheria inaipa Hazina ya Kitaifa kazi ya kuweka mfumo mmoja kwa serikali zote. Mimi Migori siwezi kuongeza hata kisanduku kimoja. Mliona mwaka 2025, Hazina ilipotaka ununuzi wote upite kwenye mfumo mpya wa e-GP: magavana wakapinga, mambo yakafika mahakamani. Kila jipya linatoka Nairobi likiwa limeshaamuliwa.

MWALIMU: Aliyeketi Hazina tangu Agosti 2024 ni John Mbadi, aliyekuwa mbunge wa Suba Kusini, Homa Bay. Hahitaji ramani kufika huku ziwani.

MHASIBU: Waziri hatengenezi programu, Mwalimu.

MAMA: Sijaomba programu. Nambari inaandikwa kwa kalamu. Kila mradi wenu una kibao cha mbao, mnaandika jina la gavana, mwaka wa fedha, mwanakandarasi. Andikeni na nambari hapo chini. Mimi nikija ofisini nitataja nambari, sitataja kisima.

Baada ya Mama kusema hivyo nilirudia kusoma orodha za mambo mapya ya programu hizi, nikitafuta lililo na faida kubwa kuliko hilo kwa mtu wa Nyatike. Sikuliona. Nambari moja isiyobadilika haihitaji leseni, haingoji toleo la mwezi ujao, haihitaji ruhusa ya Nairobi. Kaunti inaweza kuiamua kwa waraka wake wa ndani na kuibandika katika sehemu ya maelezo ya kila hati, hata kama mfumo mkuu hauna kisanduku chake. Mifumo ikija kuunganishwa siku moja, kazi ngumu itakuwa imekwishafanywa.

MHASIBU: Mama, nikupe nambari, halafu? Utakuja kila wiki. Na wanakandarasi watakuja, watasoma makadirio kabla ya zabuni, wapandishe bei hadi mwisho wa fungu.

KIJANA: Kusoma si kuandika, na si lazima kusoma kila kitu. Makadirio ya mhandisi yafichwe mpaka zabuni ifunguliwe. Baada ya hapo, mkataba na malipo viwe wazi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 tayari inawapa wananchi hiyo haki.

MHASIBU: Kuna wizi pia. Kufungua milango ya mfumo wa fedha ni kuita majambazi.

MWALIMU: Wizi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) wa 2015, zile milioni 791, haukufanywa na mama wa Osiri aliyekuwa akisoma malipo ya kisima. Uliingia kwa nywila za waliokuwa ndani. Waliokuwa nje ndio hawakuwa na njia ya kuona.

MAMA: Kuna lingine kabla hamjaniacha. Dhahabu inatoka kwetu. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe, asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya pale madini yanapochimbwa. Hiyo 10 nayo iwe na nambari yake. Isije ikaandikwa Nyatike yote, halafu Migori yote, halafu haionekani.

KIJANA: Ni sehemu ile ile ya mahali, Mama. Ikijazwa vizuri kwa malipo, ijazwe na kwa mapato.

MHASIBU: Nikubali hili la nambari, tuseme. Bado kuna bajeti ya nyongeza. Mradi wenye nambari unaweza kufutwa Januari kwa kura ya bunge la kaunti, na ni haki yao.

MAMA: Wafute. Ila nambari isifutwe. Mbele yake paandikwe umefutwa, tarehe ngapi, kikao gani, na fedha zake zimehamia nambari ipi.

MHASIBU: Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote mliyosema leo. Waheshimiwa hawatalipenda, na si saini yangu inayoweza kulileta. Linahitaji azimio lao wenyewe.

MWALIMU: Kifungu cha 15 cha Sheria ile ile ya Serikali za Kaunti kinampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti. Likifika kabla ya 1 Septemba, mpango wa mwaka ujao unaweza kuanza na nambari.

MAMA: Nani ataliandika?

KIJANA: Nitaandika mimi, Mama, wewe useme.

MAMA: Basi usianze na programu. Anza na kisima, na orodha ya majina yote mliyokipa.